Nyenje Aliyeitwa Bubu

Mzee Qiu ni fundi wa upatu wa shaba. Kutwa hugonga nyundo. Baridi ikiingia, hubeba nyenje kifuani, ndani ya kibuyu kidogo, ili joto la mwili limfanye mdudu aimbe. Ndiyo starehe yake.

Mwaka huo nyenje hakuimba. Mzee akamhamishia kwapani. Kimya. Akakaa karibu na jiko, akainuka, akatoka, akarudi. Hakutulia.

"Luan kaniuzia bubu!" akafoka. "Urafiki basi!"

"Bubu?" mkewe akashangaa. "Huyo anavyonipigia kelele mpaka nasahau chumvi kwenye tambi?"

"Kumbe na wewe kakuhonga!"

Akavaa kofia, huyoo, sokoni, kwa Luan muuza nyenje. Luan akatega sikio kwenye kibuyu.

"Anaimba, bwana. Labda sura yako ndiyo inamtisha."

Watu wakacheka. Mzee Qiu akainua kibuyu ampige nacho. Mkono ukadakwa. Alikuwa Shen, jirani yake, muuguzi wa masikio.

"Baba Qiu, nakuita tangu kule kwenye kabichi! Mbona Luan unamsikia?"

"Luan ana sauti ya ng'ombe. Wewe ya mbu."

"Hapohapo! Ndani ya sikio mna kitu kilichojikunja kama konokono. Humo vinywele vidogo vimejipanga. Vya mlangoni hushika sauti nyembamba, vya ndani kabisa hushika nzito. Kila kimoja kina njia yake ya kupeleka habari kwenye ubongo. Ubongo ukiona habari imetoka mlangoni, hujua: hii nyembamba, ni nyenje. Sasa uzee na nyundo vimeviua vyako vya mlangoni. Na vikifa havioti tena."

Mzee akashusha kibuyu. "Na vilivyobaki?"

"Hivyo tutavilinda. Uje upimwe. Na kazini uzibe masikio."

Alipimwa. Ikawa kama alivyosema Shen. Siku hizi, karakanani kwake, asiyeziba masikio hagusi nyundo. Mwanzoni mzee mwenyewe alinung'unika kama mtoto anayevishwa sweta.

Lakini kwa Luan alichelewa kwenda. Aibu ina miguu mizito. Alipofika, Luan hakumsalimu. Alimtilia kifuani kibuyu kingine, chenye nyenje mweusi, mnene.

"Wa sauti nzito huyo. Anakoroma kama mkeo."

Mzee Qiu akasimama tuli, mara ya kwanza baridi ile.

"Namsikia," akasema.

Luan akageukia vibuyu vyake, akawa anavipanga, navyo vilikuwa vimepangwa tayari.