Ubeti wa Kuaga

Jambo la kwanza lilikuwa kikombe. Kikombe kidogo cha kahawa cha marehemu Bibi Mazoon, kilichofunikwa juu ya rafu tangu arubaini yake, Marzouq alikikuta kimesimama wima, kina marashi nusu. Akakinusa, akakimwaga, akajisemea labda ni dada yake, Ghalia. Moyoni alijua si Ghalia.

Nyumba ni ile ya udongo pale Birkat al Mawz, kijiji cha Oman, imepakana na migomba, na maji ya falaj, mfereji wa mashamba, yanapita chini ya dirisha. Chumba cha bibi, Marzouq alikuwa amekigeuza studio, kwa kuwa kuta zake nene humeza mwangwi. Na studio hiyo, msicheke, ilikuwa ya muziki wa kantri. Baba yake alizaliwa Tabora, akakulia kwenye redio iliyopiga kantri kila Jumapili baada ya chakula, akaja nayo Oman moyoni, akamrithisha mwanawe. Basi mtu mzima, mhandisi wa maji huko Nizwa, kila Ijumaa alivaa kofia pana ya wachunga ng'ombe juu ya kanzu, akaimba kwa Kiswahili habari za vumbi, na barabara ndefu, na wanawake waliomwacha. Hakuna aliyewahi kumwacha, maana hakuna aliyewahi kumkubali.

Albamu yake ilikuwa na nyimbo tisa. Nane zilikuwa za kawaida tu. Wimbo wa saba ndio watu walioupenda, na huo haukuwa wake.

Bibi Mazoon alikuja kutoka Wete pamoja na jini wake. Walikuwa wamekubaliana tangu ujana, na jini aliyekubaliana na mtu huwa na wimbo wake. Bibi hufukiza udi, akamwimbia, naye akaja akanywa marashi yake, kisha bibi humwimbia ubeti wa mwisho, wa kumuaga, akaenda zake kwa amani. Siku moja alimfuma Marzouq mlangoni, simu mkononi, anamrekodi.

"Usiutoe humu ndani, mjukuu wangu," alimwambia. "Na ukiutoa, usiuache nusu."

Marzouq aliahidi. Bibi alipokwisha kuzikwa, akautoa. Pamoja na ubeti wa mwisho, wimbo ulifika dakika saba, na ubeti wenyewe ulikwenda kwa kujikokota, gitaa halikuweza kuufuata. Akaukata. Gitaa likafifia taratibu, vizuri mno, akajipongeza. Baadaye simu ilipomjaa akaifuta na rekodi ya bibi. Kwenye jalada akaandika kuwa wimbo ni utunzi wake. Na kuuimba hakuuimba yeye. Alimpa Ghalia, akimwambia sauti ya kike itaupendeza zaidi.

Albamu ilipotoka, Ghalia alikuwa wa kwanza kufurahi. Alikuwa mwalimu, akawachezesha hata walimu wenzake. Wiki ya pili akaacha kula. Wiki ya tatu akaacha kwenda shule, akahamia Birkat al Mawz, akisema kule kuna baridi inayomfaa, nasi sote tunajua Birkat al Mawz mwezi wa sita hakuna baridi.

Siku moja saa saba mchana, kijiji kimelala usingizi wa mchana na jua limekaa juu ya kuta, Marzouq akasikia mlango wa chumba cha bibi ukisukumwa, kisha ikaja harufu ya udi, ingawa chetezo kilikuwa kabatini hakina hata jivu, na alipokwenda, akisita kila hatua, huku maji ya falaj chini ya dirisha yamenyamaza ghafla kana kwamba mtu ameyaziba kwa kiganja, akamkuta dada yake ameketi kwenye mkeka, mgongo umepinda, kikombe mkononi, anaitazama maikrofoni, naye bila kugeuka akasema kwa sauti isiyokuwa yake wala ya bibi, sauti ya mtu aliyechoka kungoja:

"Mmeniita, nimekuja. Mbona hamniagi?"

Marzouq aliondoa albamu mtandaoni jioni ile ile. Haikusaidia. Kesho yake akamtia Ghalia garini akampeleka Sur, mtaa wa Ayjah, kwa Bi Rumaitha, aliyekuwa mwenzake bibi katika mambo hayo tangu Pemba.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mlaze hapo."

Alifukiza, akamnyunyizia Ghalia marashi usoni, akamsalimu jini kwa heshima kama mgeni aliyekawizwa barazani. Kisha akamgeukia Marzouq, akanong'ona. "Huyu hana ugomvi na mtu. Anataka njia tu. Nipe ubeti wa kuaga."

"Siujui. Bibi hakunifunza."

Ghalia akafumbua macho. "Alikuwa nao," ile sauti ikasema polepole. "Alikuwa nao, akaukata. Mimi nilikuwa nimekaa ubavuni mwake, nikamwangalia anavyoukata."

Aibu ilimpanda Marzouq mpaka masikioni. Akasema yote, macho yake chini: simu, ahadi, jalada. Bi Rumaitha alisikiliza hata akamaliza, kisha akauliza swali moja.

"Na kwa nini hukuuimba mwenyewe?"

Marzouq akauvuta mkeka, akaunyoosha ukingo wake.

"Uliogopa," Bi Rumaitha akasema. "Ukamtia dadako."

"Naam, Bibi."

"Wallahi ubeti ule alikuwa nao Mazoon peke yake. Sasa jini huyu hana pa kutokea, lazima akae mahali. Humkalia yule anayeuimba wimbo wake. Uimbe wewe, kwa kinywa chako, akuhamie."

Akauimba. Bila gitaa, bila kofia, na kila mstari uzito ukamshukia mabegani, mmoja baada ya mmoja, kama mtoto anayepanda mgongoni kwa baba yake, mpaka alipofika pale alipokata, akanyamaza, kwa kuwa hakuwa na cha kuongeza, na sikioni mwake mtu akashusha pumzi. Kwenye mkeka Ghalia akajinyoosha. Akaomba maji, kisha akaomba sambusa.

Bi Rumaitha aliwasindikiza mpaka mlangoni, akamshika Marzouq mkono. "Ghalia asiuimbe tena ule. Akiuimba humwita, na mara ya pili hatong'oka. Mwambie leo, na mwambie sababu."

"Inshallah, Bibi."

Alitaka kumwambia wakivuka daraja la Ayjah. Lakini Ghalia alikuwa anakula sambusa, anacheka, midomo imerudi rangi yake, na kumwambia usiuimbe ni kumwambia kwa nini, na kumwambia kwa nini ni kumwambia: mimi nilijua, ndiyo maana nikakupa wewe. Akaahirisha mpaka mji wa al-Kamil. Al-Kamil ikapita.

"Nilikuwa na nini mimi, Marzouq?" Ghalia aliuliza.

"Homa."

"Maskini, umeendesha njia yote hii kwa ajili yangu." Akampapasa bega, pale pale penye uzito. "Hata sijakwambia. Mimi naona fahari na wewe, wallahi. Albamu yako imenipendeza sana, kuliko zote."

Nitamwambia tukifika Ibra, Marzouq alijisemea. Tukisimama kutia petroli Ibra namwambia. Machozi yakamlengalenga, akayakaza macho barabarani asionekane.

Albamu alikuwa ameiondoa mtandaoni. Kwenye gari alikuwa ameisahau. Ghalia akanyoosha mkono, akabonyeza mpaka namba saba, akaongeza sauti, na kabla kaka yake hajafungua kinywa akawa ameshaingia, anaimba na sauti yake mwenyewe, macho amefumba kwa raha.

"Ghalia, ngoja," Marzouq alisema. "Ghalia, kuna jambo."

Uzito ukamtoka mabegani. Alijisikia mwepesi, ule wepesi aliokuwa akiutamani tangu asubuhi, na harufu ya udi ikajaa gari zima. Gitaa likaanza kufifia taratibu, vizuri mno, kama alivyolipanga. Ghalia alikuwa amenyamaza. Mgongo wake ulipinda polepole kwenye mkanda wa kiti, sambusa ikamwanguka mapajani, akamgeukia.

"Nimekuja," alisema. "Na sasa je, mtaniaga?"