Jina Lililonyooshwa

Lango la shule halikuwa na mlinzi wala kufuli, na wala halikuvihitaji. Ndani ya ukuta wake alikaa Mwitaji, mashine ya sauti iliyotawala milango yote ya umma ya jiji la Chamwino Juu. Mtu akikaribia, jicho la Mwitaji linamtambua sura, sauti inamwita jina lake, naye anaitika: naam kwa mwanamume, abee kwa mwanamke. Mwitaji anaupima ule mwitiko, mtetemo wa koo na pumzi, ukioana na mwenye jina mlango unafunguka. Usipoitika, utasimama nje mpaka uote mizizi.

Asubuhi ile watoto wa miaka sita walikuwa wanaingia kwa mara ya kwanza kwa majina yao wenyewe, maana chini ya umri huo mtoto hupita kwa jina la mama. Kaingia Baraka, kaingia Chausiku. Kisha akasogea msichana mwembamba, kamshika mama yake mkono, na sauti ikatoka ukutani, laini na kubwa.

"Nyama."

Mstari mzima ukaangua kicheko, mama akamvuta binti yake wakaondoka kabla hajaitika.

Hapa lazima niseme ukweli, maana mimi kwa mambo haya sina simile. Mtoto yule aliitwa Neema, jina tamu lisilo na ugomvi na mtu. Lakini mama yake, msusi aliyeitwa Tabu, aliliandika Nyma. Eti mtaani akina Neema walikuwa tele, naye alitaka wa kwake asifanane na yeyote. Ilikuwa homa ya mji mzima: Pendo anaandikwa Phendow, Zawadi anaandikwa Zawhadee, herufi zimerundikwa kama vyombo vya mpangaji anayehama. Kiswahili kinasomwa kama kilivyoandikwa, hata mtoto wa chekechea anajua. Phendow na Zawhadee walibahatika, Mwitaji akawanyoosha wakarudi kuwa Pendo na Zawadi. Alipokuta Nyma, akalinyoosha kwa neno lililo karibu nalo kuliko yote. Lilikosa a moja tu.

Tabu alikwenda mwenyewe kwa Mhandisi Ombeni, aliyemuunda Mwitaji, akamtaka aifundishe mashine yake kwamba ile y inasomwa ee. Ombeni alimsikiliza bila kumkaribisha kiti. Akamweleza kwamba kinyoosha-jina alikiweka kwa makusudi, kuutibu mji ujinga wake. Mzazi anayetaka masahihisho asimame ofisini mbele ya Mwitaji, aseme watu wote wakisikia: nilikosea.

"Sikukosea," Tabu alisema.

"Basi mwanao ni nyama."

Tabu alimtazama kwa chuki isiyofichika. "Mimi mama yangu alipata shida ya uzazi, akaniita Tabu. Maisha yangu yote nikipita watu wanasema tabu imefika. Nilitaka mwanangu awe na jina ambalo mwingine hajalivaa. Hilo ndilo unaliita kosa?"

"Naliita tahajia mbovu," Ombeni alijibu, akageukia kazi zake.

Nyumbani Tabu alimkalisha mtoto, akamwapisha. Akiitwa Nyama asiitike, ng'o, hata mbingu zishuke. Wazee walishasema, ukiitwa na usiyemjua usiitike, anaweza akaondoka na wewe. Mtoto akaapa, na shule hakwenda. Na wa kwanza kumcheka Tabu walikuwa akina mama Phendow na mama Zawhadee haohao. Walimwuliza mbele ya watu, kama wako buchani, leo ana steki au mchanganyiko. Akawatukana, wakamtukana, ikawa mtaa mzima hasemi nao.

Mchana mmoja mtoto akachemka homa kali. Tabu akambeba mbio mpaka zahanati, na mlango ukaita Nyama. Mtoto kimya. Aliyezimia hufunguliwa bila kuulizwa, ila aliye macho sharti aitike. Ndiyo sheria aliyoiweka Ombeni. Na mtoto alikuwa macho, meno yanagongana. Tabu akaupiga mlango kwa ngumi, akapaza sauti kwamba alikosea, jamani alikosea. Mwitaji akamjibu kwa upole kuwa masahihisho yanapokelewa ofisini, siku za kazi. Nyuma ya kioo muuguzi aliwaona, akatikisa kichwa. Hata upande wake mlango haukuwa na kitasa.

"Itika, mwanangu."

"Uliniapisha, mama."

"Nasema itika."

"Si jina langu."

Tabu akamshika kidevu kwa nguvu mpaka vidole vikaacha alama. "Ni jina lako. Kuanzia leo ni lako, hayo mengine yasahau. Itika."

"Nyama," mlango ukarudia.

"Abee," mtoto akasema.

Mlango ukafunguka. Wakamtundikia dripu, wakamchoma sindano, akapona. Lakini Mwitaji akishapokea mwitiko, jina na sauti hufungwa pamoja, hakuna tena cha kusahihisha. Ombeni alipopelekewa habari alisema mfumo umefanya kazi. Mungu anamwona.

Siku waliyorudi nyumbani, Tabu alipika uji wa ulezi, akaupoza, akaita kutoka jikoni kwa sauti ya kubembeleza. Neema. Kimya. Akadhani mtoto kapitiwa na usingizi, akachungulia. Mtoto alikuwa amekaa mkekani, macho wazi, anamtazama kama mtu anayesubiri aitwe mwingine.

"Neema, mama, njoo unywe uji."

Hakutikisika. Alikuwa ameapishwa mara mbili, na kiapo cha pili ndicho kilichofungua mlango.

Tabu akaliweka bakuli chini. Alijaribu kulisema lile jina moyoni kwanza. Alisimama pale mpaka uji ukafanya utando. Mwisho akaita, kwa sauti ndogo ili majirani wasisikie.

"Nyama."

"Abee, mama."