Nguo ya Kompyuta

Hapana Gitari, hiki si kitambaa cha meza. Ndiyo maana kimekaa juu ya sufuria kama kofia ya mtu mwingine. Hii ilikuwa nguo ya kompyuta. Ngojeni kidogo, mukimo wa viazi na mahindi bado ni moto na Wanjira ananawa mikono. Acha niwaambie kabla hajaingia, kwa sababu yeye hapendi kusifiwa.

Mimi babu yenu shule niliachia darasa la tatu, lakini meza ya kompyuta ya shule hapa Kianjokoma niliitengeneza mimi. Kompyuta ilikuwa moja tu, na Wanjira, akiwa darasa la saba, ndiye alichaguliwa kuitunza. Cucu, nyanya yenu, alifurahi sana, maana huyu mtoto ameitwa jina lake. Akaifumia kompyuta nguo ya uzi, yenye maua na nyuzi ndefu za kuning'inia, kama ile ya redio yetu.

Wiki mbili hazikuisha, kompyuta ikaanza vituko. Ukiwasha, taa inawaka vizuri, halafu kabla hujahesabu mia inajizima. Mwalimu Njuki akasema Wanjira ameiharibu kwa kubonyeza ovyo, na Ijumaa ikifika haijapona, kazi atapewa mwingine. Wenzake wakamwita Fundi wa Giza. Siku hiyo alilala bila kula.

Kesho yake nikaenda naye, nikijifanya naangalia mguu wa meza. Wanjira akachomeka taa ndogo kwa ile soketi, ikawaka. Basi stima iko. Akabadilisha waya, akatumia ule wa skrini. Bado kompyuta ikazima. Kisha akapitisha mkono chini ya ile nguo, akautoa haraka.

"Guka, guza hapa. Inachoma."

Akachomoa waya wa stima, mwalimu akamruhusu afungue. Jamani, nyuzi za cucu yenu zilikuwa zimeingia kwa matundu ya hewa, zikajizungusha kwa feni ya kuipoza mpaka haizunguki. Akazikata pole pole, akazitoa zote. Kompyuta ikawaka, ikakaa hivyo mpaka saa ya chai. Mwalimu akamwomba msamaha mbele ya darasa lote. Mimi hapo nilisimama wima kama askari.

Lakini mwalimu akaninong'oneza tuifiche ile nguo na tuseme ni stima ilisumbua, mama wa watu asivunjike moyo. Na mimi, mnajua cucu yenu, nikakubali. Wanjira akakataa.

"Akiniuliza nguo yake iko wapi, nitamdanganya mpaka lini?"

Jioni akamwekea cucu ile nguo magotini, pamoja na nyuzi zilizokatwa.

"Cucu, nguo yako ni nzuri sana. Lakini ndiyo ilizima kompyuta. Iliinyima hewa."

Cucu yenu akauliza nani mwingine alijua, na Wanjira akamwambia yote. Mimi nikaangalia moto.

"Kwa hivyo mwalimu aliogopa kuniambia," akasema, "na huyu mzee pia akaogopa. Ni wewe tu umekuja."

"Ndiyo, cucu."

"Basi jina langu liko mahali pazuri. Ukweli ukiwa mgumu, mtu aulete mwenyewe, na heshima, vile umefanya. Nyinyi wengine mjifunze kwake." Hapo aliniangalia mimi. Kisha akachukua nguo, akafunika sufuria.

Siku hizi Wanjira anasomea hayo mambo ya kompyuta huko Embu mjini. Huyo sasa anaingia na cucu yenu. Gitari, sogea, mpe cucu kiti. Wanjira, toa hiyo nguo juu ya chakula, mama, tukae tule.