Masufuria ya Mkandarasi

Kila asubuhi kabla ya shule, Nirjala alikwenda kukata majani ya nyati. Nyati wao alikuwa wa kufugwa, wa maziwa, mpole sana, ila hakupenda kusubiri. Ukimchelewesha alipigapiga zizi kwa pembe mpaka majirani wakaja kuuliza kuna nini. Kwa hiyo Nirjala alijitwika kapu mgongoni, kamba yake ikipita kwenye paji la uso kama tunavyobeba sote huku milimani, akashuka hadi ukingoni mwa mto, akakata majani, akapanda tena. Ndipo alipokunywa chai yake kwa mahindi ya kukaanga na kuvaa sare.

Mto ule ulikuwa umebadilika. Mkandarasi mmoja alileta tingatinga na mashine ya kusaga mawe, akawa anachimba kokoto juu kidogo ya mahali unapoanzia mfereji wa kijiji cha Simle. Kila alipochimba, maji ya mto yalizama chini, na mfereji ulibaki na maji ya kulowesha nyayo tu. Na mfereji ule ndio ulionywesha majaruba yote ya mpunga.

Watu hawakunyamaza. Kina mama wa mtaa wa juu walikuwa na kundi lao, na mkubwa wao alikuwa Deukala, mama yake Nirjala. Vijana wa mtaa wa chini nao walikuwa na lao, likiongozwa na Tekendra, mdogo wake Deukala. Mwanzoni walikwenda mtoni pamoja. Kina mama waliketi mbele ya tingatinga kutwa nzima, likashindwa kusogea. Lakini mwandishi wa habari alipofika, walioongea ni vijana, na waliopigwa picha ni vijana.

"Sisi tulikaa mbele ya tingatinga, nyinyi mkakaa mbele ya kamera!" Shangazi Phulmati aliwaambia. Alikuwa jirani yake Deukala, mwanamke mwenye mdomo mkali na moyo mzuri. Tangu siku hiyo vijana wakaitwa Kundi la Kamera.

Vijana nao hawakukosa la kusema. Mmoja wao aliliona gari la mkandarasi likishusha masufuria makubwa ya karamu nyumbani kwa Deukala. "Kumbe kina mama wameshahongwa!" wakasema. "Kundi la Sufuria hilo!"

Deukala aliapa kwamba hakupokea hata kijiko.

"Dada, watu wameona kwa macho yao," Tekendra alisema.

"Basi nenda ukawe mdogo wao hao wenye macho," Deukala akamjibu.

Ndugu wale wa tumbo moja wakaacha kusemezana. Wakikutana njiani, mmoja alitazama mlima na mwingine alitazama bonde.

Aliyeujua ukweli ni Nirjala peke yake. Siku ile mama yake alikuwa msituni kutafuta kuni. Dereva wa mkandarasi alisimamisha gari, akashusha masufuria, akamwambia Nirjala, "Haya ni ya karamu za kijiji. Mama yako anajua." Kisha akampa pakiti ya tambi kavu. Nirjala alizila nyuma ya zizi, tena alizila upesi, kwa sababu moyo wake ulikuwa umeshaanza kumwambia kwamba kuna jambo haliko sawa. Jioni alimsikia mama yake akiwaambia wenzake, "Atakayepokea kitu cha yule mtu, ametuuza sote." Nirjala akaogopa. Akayaficha masufuria chini ya nyasi kavu za nyati, akajiambia atasema kesho. Kesho ilipofika alijiambia vivyo hivyo.

Makundi yakawa yanakwenda kwa mwenyekiti wa kata kila moja kivyake. Kina mama walitaka mashine iondoke kabisa. Vijana walitaka ihamishwe. Mtu wa mkandarasi alitabasamu tu. "Mheshimiwa, hawa wenyewe kwa wenyewe hawaaminiani. Wewe utawaamini vipi?" Mwenyekiti akakuna kichwa, akawaambia warudi watakapokuwa na neno moja.

Msimu wa kupandikiza mpunga ukaingia. Kwetu kazi hiyo hufanywa kwa parma: leo wote tunakuja kwako, kesho wote tunakwenda kwa jirani, mpaka majaruba yaishe. Wanaume hulima kwa maksai, wanawake hupandikiza. Mwanamke hashiki plau; wazee wanasema akiishika mvua itakasirika. Na wanaume wengi wa mtaa wa juu, pamoja na baba yake Nirjala, wako Katar kwenye kazi za ujenzi, hivyo miaka yote waliowalimia ni vijana wa mtaa wa chini.

Mwaka huo kila kundi liliamua kufanya parma na watu wake tu. Kina mama wakabaki na miche bila wa kulima. Vijana wakabaki na majaruba yaliyolimwa bila wa kupandikiza. Walijaribu wenyewe, wakainama, wakachomeka.

"Tazameni mstari ule!" Shangazi Phulmati alipiga kelele kutoka juu. "Nyoka akiupita atapotea njia!"

"Wewe shangazi, lako limelimwa lini?" mmoja wao akajibu. "Au mnasubiri masufuria yawalimie?"

Watu walicheka, lakini hakikuwa kicheko kizuri.

Jumamosi moja Nirjala alimfuata mama yake kwenye kitalu. Deukala aling'oa mche mmoja, akautazama. Ncha zake zilikuwa zimeanza kuwa njano.

"Ukizeeka kitaluni hauzai tena," alisema kwa sauti ya chini. "Zikipita siku chache zaidi, mwaka mzima tutakula mchele wa dukani, na pesa ya baba yako haitatosha ada yako."

Akajifunga vizuri nguo yake kiunoni, akaenda kuwafungua maksai.

"Mama Nirjala, unafanya nini?" Shangazi Phulmati alishtuka. "Usiishike plau! Mvua itakataa kunyesha!"

"Mvua ikinyesha nitapanda wapi, nami sijalima? Niache."

Vijana waliokuwa chini waliacha kazi, wakakodoa macho. Tekendra alisimama kwenye tope. Nirjala alimwona mama yake akiihangaikia nira, na maksai wakimkwepa. Hakuweza kuvumilia zaidi. Alikimbia nyumbani, akafukua nyasi, akapanga masufuria ndani ya kapu, akalibeba mpaka majarubani. Lilikuwa zito, shingo ikamuuma. Alipofika aliyamwaga yote ukingoni, yakalia kwa kishindo mpaka maksai wakaruka.

"Mama hakuyapokea," alisema huku akilia. "Niliyapokea mimi. Mama hakuwepo. Nikayaficha."

Deukala akaiachia nira.

"Kwa nini hukusema siku zote hizi?" mama yake akauliza.

"Nilikuwa nimeshakula tambi."

Shangazi Phulmati alijaribu kujizuia, akashindwa, akacheka. Lakini Deukala hakucheka. Alikaa ukingoni.

Tekendra akapanda hadi pale alipokaa, akavua kofia. "Dada, nilikuita mwongo, na ulikuwa unasema kweli. Nisamehe."

"Na kamera je?" Shangazi Phulmati akadakia. "Au kamera nayo imeliwa na nyati?"

"Na kamera pia, shangazi. Nyinyi mlikaa kwenye vumbi, sisi tukajisemea. Safari hii ataongea dada."

"Na wewe utafanya nini?"

"Nitabeba masufuria."

Hapo wote walicheka, na Deukala akacheka nao huku akifuta machozi. "Na mimi nina kosa langu," alisema. "Watu walisema wameliona gari. Watu hawawezi kuona gari lisilokuwepo. Nilikasirika, nikaacha kuuliza ndani ya nyumba yangu mwenyewe."

Walikaa palepale kingoni wakazungumza. Mashine iondoke kabisa au ihame, walilibishania sana, tena kwa sauti kubwa, lakini safari hii hakuna aliyeondoka. Mwishowe walikubaliana kwenye lile lililowauma wote: mtu asichimbe popote juu ya mfereji. Mengine wangeyadai baadaye, pamoja.

Walikwenda ofisi ya kata wakiwa na tope mpaka magotini. Deukala aliongea. Tekendra aliyaweka masufuria mbele ya mtu wa mkandarasi, akasema, "Hesabu, yapo yote." Safari hii yule mtu hakutabasamu. Mwenyekiti aliteremka nao mpaka mtoni, akajionea mwenyewe jinsi maji yalivyozama, akaamuru tingatinga lishuke chini ya mahali unapoanzia mfereji. Vumbi la mashine halikwisha, na kina mama hawakuacha kulisema. Lakini maji yalipanda.

Siku ya parma ya Deukala mvua ilikuwa nyepesi. Tekendra alilima, vijana wakasawazisha kingo, kina mama wakaingia kwenye maji wakiimba na kurushiana tope. Adhuhuri walikula mtindi kwa pepeta, mchele bapa uliotwangwa. Nirjala alikula akiwa amejitenga kidogo, mpaka mama yake akaja kukaa karibu naye.

"Bado umenikasirikia, mama?"

"Niliumia. Sasa nimepoa." Deukala alimpangusa tope shavuni. "Sikiliza, mwanangu. Yule mtu hakuwa na nguvu ya kutugawa. Alituletea jambo dogo tu, akatuachia tufanye kazi yake wenyewe. Wewe ulificha, mjomba wako alidhania, na mimi nilinuna. Ukikosea, sema siku ileile, hata kama sauti inatetemeka. Na ukimshuku mwenzako, mwendee umuulize. Watu wanaodai haki pamoja hawalazimiki kufanana, ila lazima waambiane ukweli."

Nirjala aliinamisha kichwa. "Nitasema, mama."

"Haya, inuka." Deukala alimpa fungu la miche. "Leo unapandikiza na sisi wakubwa. Kaa hapa kati yangu na shangazi yako, wala usiharakishe. Mstari mzima utakwenda kwa mwendo wako."