Vyumba Viwili Kwenye Ukungu wa Nyamira

"Vyumba viwili," Bonareri alisema kwenye simu huku akikoroga maharagwe. "Si kimoja. Viwili."

"Viwili, Mama Nyanchera. Nimeshasema mara tatu."

"Sema ya nne nisikie."

Obwocha alicheka. Alikuwa mkuu wa watunza nyasi kwenye uwanja wa gofu, na mkewe alikuwa amefariki miaka tisa iliyopita. Bonareri, mjane aliyeishi Kiogoro, ndiye aliyewapikia wafanyakazi wa uwanja ule chakula cha mchana. Kwa miezi saba, kila Jumatano jioni wachezaji wakishaondoka, Obwocha alikuwa akimfundisha kupiga mpira. Hakuna aliyejua, hata watoto wao.

"Haya, nipangie tena," Bonareri alisema.

"Jumapili, Sabato imeshapita. Saa mbili asubuhi tunaanza mashimo tisa, polepole. Mchana tunakula kwenye ule mkahawa wa njia ya Nyamira. Kuku wa kienyeji na ugali wa wimbi. Nimeagiza mapema, maana ukiwashtukiza wanakupa kuku wa jana."

"Na mboga ya chinsaga."

"Na chinsaga iliyolala kwenye maziwa. Jioni tuko loji. Dirisha lako linatazama majani chai. Asubuhi ukungu unapanda mpaka kwenye kioo, hujui dunia imeishia wapi."

Bonareri alizima jiko bila kujijua. Alijiona kwenye dirisha lile, leso begani, hakuna sufuria, hakuna anayemwita. Kweupe tu, na mtu mmoja chumba cha pili akikohoa taratibu ili ajue yupo.

"Baba Eric."

"Naam."

"Tukirudi tuwaambie watoto. Nimechoka kujificha kama mwizi wa ndizi."

"Tukirudi tunawaambia."

Jioni hiyo Nyanchera, binti yake wa pekee, mwalimu wa shule moja kule Kenyenya, aliingia bila hata kuvua viatu.

"Mama, Jumapili usiende popote."

"Jumapili nina safari."

"Ahirisha. Kuna wageni wanakuja kujitambulisha."

"Wageni gani? Mbona sikuwahi kusikia habari za mtu?"

"Wewe na mdomo wako? Ningekuambia kabla hajajiandaa ungemtimua!" Nyanchera alicheka. "Anakuja na baba yake. Watu wa Nyamira. Baba yake anafanya kazi kwenye uwanja wa gofu, labda umewahi hata kumpakulia."

Mwiko ulisimama hewani.

"Huyo kijana anaitwa nani?"

"Eric."

Simu ililia mezani. Ujumbe wa Obwocha:

"Samahani mpenzi, tusogeze safari wiki moja. Eric ananipeleka Jumapili kwa mzazi wa msichana wake. Eti ni huko huko Kiogoro! Nitapita nikusalimie."

Bonareri aliketi.

"Mama, umemchukia hata kabla hujamwona?"

"Wewe unampenda?"

"Mama, nikiwa naye hata kusahihisha madaftari hakunichoshi."

Bonareri alimtazama. Kwa mwalimu, hayo hayakuwa maneno madogo.

Kesho yake asubuhi alimkuta Obwocha kwenye shimo la sita.

"Msichana wa Eric ni Nyanchera wangu," alisema, hata salamu hakutoa.

Reki ilimponyoka Obwocha. Hakuhitaji kufafanuliwa. Kwa Wagusii, watoto wakioana wazazi wao huwa korera: watu wa heshima nzito, wa kusalimiana kwa mbali. Korera hashikwi mkono jioni kwenye nyasi. Kuolewa naye ndiko hata hakutajwi.

"Tulianza sisi," Obwocha alisema.

"Tulianza kichinichini. Shahidi wetu nani? Nyasi?"

"Nitazungumza na Eric."

"Umwambie nini? Amwache msichana ili baba yake apate wa kucheza naye mpira?"

"Bonareri!"

"Kosa ni letu. Tungesema mwezi wa kwanza, wangejua njia hiyo imefungwa. Tulinyamaza, wakapita."

Obwocha alitazama chini. "Na wewe? Wewe unataka nini?"

Bonareri aliiokota reki, akampa.

"Nalitaka dirisha lile," alisema. "Nalitaka mpaka meno yananiuma. Lakini nikilipata kwa machozi ya mwanangu, nitaona nini hapo?"

Akachukua fimbo ya gofu ya Obwocha iliyoegemezwa kwenye mti. "Niwekee mpira mmoja."

Obwocha aliuweka. Miezi saba mipira ya Bonareri ilikuwa ikitambaa kama kuku aliyefungwa mguu. Huu uliruka. Ulipanda juu ya miti, mweupe, ukakaa huko kana kwamba umesahau kushuka.

"Umeuona?"

"Nimeuona."

"Huo ndio wetu," Bonareri alisema, akamrudishia fimbo.

Jumapili Obwocha alisimama mlangoni kwa Bonareri akiwa na suti na kofia mkononi, Eric nyuma yake. Sebule ilijaa wajomba na shangazi. Akainamisha kichwa.

"Korera, hamjambo?"

"Hatujambo, korera. Karibuni."

Bonareri alikuwa amepika kuku wa kienyeji, ugali wa wimbi, na chinsaga iliyolala kwenye maziwa. Obwocha alimaliza sahani yote bila kuinua macho. Yeye alibaki jikoni.

Harusi ilifanyika Desemba, Jumapili. Siku hiyo Obwocha aliwapa maharusi bahasha: siku mbili za gofu, chakula kimelipiwa, na loji, chumba kimoja badala ya viwili.

Jumanne asubuhi Bonareri alikuwa akiosha maharagwe simu ilipolia. Ujumbe wa Nyanchera:

"Mama, ukungu umefika mpaka kwenye kioo! Hujui dunia imeishia wapi. Baba mkwe alijuaje mahali kama hapa?"

Bonareri alifuta mikono kwenye leso. Aliandika, akafuta, akaandika tena:

"Ana macho mazuri korera wangu. Mwambie asante. Na usirudi kitandani upesi, simama hapo dirishani kidogo. Kwa niaba yangu."