Mkono Alioinua Tamim

— We umedanganya, Tamim.

Tamim alivua barakoa ya wavu ya mchezo wa panga, jasho likimchuruzika.

— Nimedanganya nini?

— Upanga wangu haukukufikia. Mkono wangu haukusikia kitu.

— Mi nilisikia. Kifua ni changu, Radhia, si chako.

Mwaka ule wa vita, 1996, umeme ulikatika Bujumbura kila mara, na taa za mashine ya kuhesabu migusano hazikuwaka. Wakacheza kama zamani: aliyeguswa huinua mkono mwenyewe. Nafasi ya Olimpiki ilikuwa moja tu, kwa mwanamume au mwanamke. Wakiwa sare, Tamim aliinua mkono, na kocha Hyacinthe akatangaza kwamba Radhia ndiye wa kwenda Atlanta.

— Basi tufunge ndoa kabla sijaondoka, Radhia alisema.

— Apana.

— Hunitaki?

— Nikikuoa utarudi. Hapa mutu anatoka kununua mkate, anarudishwa kwenye shuka. Ubaki huko.

— Kumbe umenipa tiketi ili unifukuze.

Tamim alicheka kidogo, macho yakiwa mekundu.

— Niachie mfuko wako wa panga, basi. Niwe na kitu chako.

Radhia aliutupa miguuni pake, akaondoka bila kuaga.

Asubuhi ya mchezo, kule Atlanta, hasira zilikuwa zimekwisha. Akapiga simu dukani kwa mzee Nasor, baba yake Tamim. Houda, dada yake Tamim, akapokea.

— Houda, nipe kaka yako.

— Hayupo, wifi.

Houda hakuwahi kumwita wifi.

— Yuko wapi?

— Baba amesema ucheze kwanza.

— Houda.

— Alikuwa anatoka mazoezini, mtaa wa Mutanga Sud, na ule mfuko wako. Kwenye bariyeri ya barabarani askari wakauona mrefu, wakadhani bunduki. Hawakungoja aufungue. Tumemzika jana.

Radhia aliibana simu sikioni.

— Mbona unaniita wifi?

— Alipeleka posa kwa baba yako juma lililopita. Alisema ameshindwa kukaa bila we. Alitaka urudi uikute.

Radhia alicheza. Pambano likafika sare, umebaki mguso mmoja. Mpinzani akamnyooshea upanga kifuani. Mashine ikanyamaza, na mwamuzi akaashiria waendelee.

Radhia hakusogea. Aliinua mkono.

— Mademoiselle, mwamuzi alimwambia kwa Kifaransa, taa haikuwaka.

— Nimeguswa.

— Una hakika? Ukikubali, umetolewa.

— Kifua ni changu, Radhia alijibu, akivua barakoa. Naomba nirudi nyumbani. Nimeposwa.