Vidonge Kwenye Kopo la Vifungo

Asubuhi za nyumbani kwetu zilianza na mlio wa cherehani. Mama alikuwa fundi nguo, na chumba cha mbele ndicho kilichokuwa karakana yake: vipande vya vitambaa sakafuni, chaki mezani, na kopo la vifungo lililokatazwa kuguswa. Mimi, niliyebandikwa jina la Redio kwa kuwa sikujua kuzimika, nilikaa karibu na kanyagio nikimsimulia mambo yasiyo na kichwa wala miguu. Hadi leo nikisikia cherehani, narudi kuwa mtoto wa miaka kumi na moja.

Mwaka huo niliugua kifua. Jumamosi, muuguzi wa zahanati akanipa vidonge vya siku saba. "Hata ukijisikia vizuri, umalize," akasema.

Jumatatu homa ikashuka. Nikamaliza sahani mbili za chakula, nikamchokoza kaka mpaka akakimbilia nje. Jirani akachungulia dirishani. "Mgonjwa wetu je?"

"Amepata nafuu, shoga yangu," Mama akajibu.

"Nimepona kabisa!" nikadakia.

Ijumaa kulikuwa na mbio za kupokezana vijiti shuleni, na mkimbiaji wa mwisho wa darasa letu nilikuwa mimi. Mtu wa mbio na vidonge vichungu wapi na wapi? Tangu jioni ile nikawa nagugumia maji kwa kishindo, kidonge kimebaki kiganjani, kisha nakitumbukiza kwenye kopo la vifungo. Cheupe, cha mviringo. Nani angejua?

Alhamisi homa ikarudi na ukoo wake wote.

"Dawa si unameza?" Mama akauliza, mkono kwenye paji langu.

"Nameza, Mama." Kikohozi kikanisuta hapo hapo.

Akarudi kumalizia blauzi ya mteja. Akachovya mkono koponi, akatoa kifungo, akakigeuza mara mbili. "We Redio! Mbona hiki hakina matundu?"

Redio ikaangua kilio. "Nisamehe, Mama. Nimekudanganya. Nilidhani nimepona."

Hakunigombeza. Alichukua gauni lililoning'inia ukutani, akavuta uzi mmoja tu. Mkono mzima wa gauni ukabaki kiganjani mwake.

"Hili nimelipiga bandi, nimelishikiza tu. Ukilitazama, utasema limekwisha. Nafuu ndiyo hii, mwanangu. Kupona ni mpaka cherehani ipite."

Akanibeba mgongoni hadi zahanati, mtu mzima miye, miguu inaburuzika. Muuguzi akanipima, akaniandikia dawa upya. Ijumaa kijiti changu kilishikwa na mwingine. Nilisikia kelele za uwanjani nikiwa kitandani, nikauma shuka.

Safari hii nilimeza vyote, kinywa wazi Mama akague. Siku ya mwisho jirani akachungulia tena. "Mgonjwa wetu je?"

Nikamtazama Mama. Akasimamisha cherehani.

"Haya, sema mwenyewe," akatabasamu. "Ulipopata nafuu ulijisikia vizuri tu. Leo umemaliza dawa, na hukunificha kitu. Neno la kupona sasa ni lako."

"Nimepona, shangazi!" nikapaza sauti, na cherehani ikaendelea.